Fahamu historia ya Majestic, sinema ya Vuga iliyokutanisha Mji Mkongwe na Ng'ambo

Zamani mji wa Unguja ulikatwa vipande viwili na mkono wa bahari. Upande huu Mji Mkongwe, upande wa pili Ng'ambo. Kuvuka ilikuwa kupitia darajani, ndiyo maana hadi leo soko linaitwa Darajani, ingawa maji yalishafukiwa.

Majumba ya sinema yalijengwa upande wa mawe. Lakini waliojaza viti, wengi wao walitoka Ng'ambo kwa miguu.

Ilianza na Royal

Mwaka 1921 ilifunguliwa Royal pale Vuga. Mchoraji wa jengo alikuwa John Sinclair, Mwingereza aliyechora pia Beit el Amani na Mahakama Kuu ya Vuga. Baadaye sinema hiyo ikaitwa Majestic. Miaka ya mwanzo ya 1950 ikaungua moto, na jengo linaloonekana leo ni la mwaka 1955.

Jumapili ndiyo siku

Picha za Kihindi na za Kimisri ndizo zilizopendwa. *Awaara* ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilitikisa mji. Jumapili usiku watu walivaa vizuri, tiketi zikisha, walanguzi wakaziuza kwa bei ya juu. Kulikuwa na maonesho ya wanawake peke yao pia, mabuibui yakijaa ukumbi mzima.

Usawa haukuwa kamili. Mwenye pesa alikaa roshani, asiyenazo akakaa chini mbele. Lakini wote walicheka na kulia kwa picha ileile.

Kilichoimaliza

Baada ya Mapinduzi ya 1964, majumba ya sinema yakawa mali ya serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Zanzibar ikapata televisheni ya rangi, wakati Bara walisubiri hadi 1994. Kisha ikaja mikanda ya video. Watu wakabaki majumbani.

Empire, iliyokuwa karibu na soko la Darajani, imegeuka duka kubwa. Majestic ilifungwa, ikaachwa mpaka paa likaanguka.

Kwa nini tujali?

Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, lakini cheo hakizuii ukuta kuanguka. Disemba 25, 2020, sehemu ya Beit al Ajaib iliporomoka na kuua watu wawili.

Wapenda majengo ya kale, ikiwemo taasisi ya Hifadhi Zanzibar, wamekuwa wakipigania Majestic ifufuliwe. Si kwamba mji umechoka na picha: tamasha la ZIFF, lililoanza 1998, kwa miaka mingi limeonesha filamu Ngome Kongwe, uwanjani, chini ya nyota.

Hadhira ipo, Mji Mkongwe na Ng'ambo. Kinachokosekana ni paa.