Kitenzi "Peripatein" na Mgogoro wa Sheria katika Agano Jipya

Katika sura ya 21 ya Matendo ya Mitume, Paulo anawasili Yerusalemu na kupokewa na Yakobo pamoja na wazee wa kanisa. Wazee hao wanamfahamisha tuhuma iliyoenea dhidi yake: kwamba huwashawishi Wayahudi waishio ugenini wampe Musa kisogo, waache tohara ya wana wao na wasitembee katika mila za wazazi wao (aya ya 21). Kitenzi cha Kigiriki kinachokamilisha tuhuma hiyo ni peripatein, ambacho maana yake ya msingi ni kutembea huku na huku. Kitenzi hiki kinajitokeza mara nane katika Matendo ya Mitume. Mara saba kinahusu miguu halisi ya viwete wawili walioponywa, mmoja katika sura ya 3 na mwingine katika sura ya 14. Ni katika tuhuma hii peke yake ambapo kinahusu maadili. Makala haya yanachunguza jinsi kitenzi cha miguu kilivyoingia katika kiini cha mgogoro wa sheria. Yanadai kuwa Paulo hakukiacha kitenzi cha wapinzani wake, bali alikitwaa na kubadilisha kipimo kilichoambatana nacho.

Asili ya matumizi hayo haimo katika fasihi ya Kigiriki cha kale. Kwa Wagiriki, peripatein kulikuwa kutembea kwa utulivu, mara nyingi katika mazungumzo. Peripatos ilikuwa njia ya kutembelea, na wafuasi wa Aristotle, aliyeanzisha shule yake katika Lyceum mjini Athens mnamo mwaka 335 KK, walipata jina lao kutokana na neno hilo. Hata hivyo, kusema kuwa mtu "anatembea vyema" kwa maana ya kuwa na tabia njema ni jambo lililokuwa nadra mno katika Kigiriki hicho. Maana hiyo ilitoka katika Kiebrania, ambamo kitenzi halakh, yaani kwenda, hutumika pia kwa maisha ya mtu mbele ya Mungu na mbele ya jamii yake.

Wayahudi wa Alexandria walipoanza kuifasiri Torati kwa Kigiriki katika karne ya 3 KK, walikabiliwa na tatizo la kuivusha sitiari hiyo. Ufumbuzi wao haukuwa mmoja. Katika Mwanzo 5:22 na 24, Kiebrania kinasema kuwa Henoko alitembea na Mungu, ilhali Septuajinta inasema kuwa alimpendeza Mungu. Sitiari imeondolewa na tafsiri yake ikawekwa mahali pake. Kwingineko sitiari imebaki, lakini kwa vitenzi tofauti. Sala ya mfalme Hezekia, aliyemwomba Mungu akumbuke jinsi alivyotembea mbele zake, imo katika vitabu viwili. Katika Isaya 38:3 mfasiri alitumia poreuesthai, kitenzi cha kusafiri na kushika njia, ambacho ndicho cha kawaida kwa maana hii katika Septuajinta. Katika 2 Wafalme 20:3 mwenzake aliteua peripatein. Kwa hiyo, hadi kufikia karne ya kwanza, peripatein kwa maana ya maadili kulikuwapo, ila kulikuwa na ladha ya tafsiri. Mgiriki asiyeijua sinagogi angeyaelewa maneno bila ya kuutambua mara moja uzito wake.

Ndani ya Uyahudi wenyewe, sitiari hiyo ilikuwa hai na yenye utata. Kanuni ya Jumuiya, mojawapo ya hati zilizopatikana Qumran kuanzia mwaka 1947, inawagawa wanadamu katika makundi mawili, wanaotembea katika njia za nuru na wanaotembea katika njia za giza. Marabi nao waliiita elimu ya kanuni za maisha halakha, istilahi itokanayo na mzizi uo huo wa kwenda. Ni kweli kuwa Mishna, hati yao kuu ya mwanzo, ilikusanywa takribani mwaka 200 BK, baada ya Agano Jipya kuandikwa. Hata hivyo, Marko 7:5 ni ushahidi kuwa usemi huo ulikwishatangulia. Humo Mafarisayo wanauliza kwa nini wanafunzi wa Yesu hawatembei kulingana na mapokeo ya wazee, na kitenzi ni peripatein. Inafaa kuzingatiwa kuwa Mathayo, katika kisa hicho hicho (15:2), anakibadilisha na kutumia kitenzi cha kuvuka mpaka au kuvunja. Katika Marko suala ni namna ya kutembea. Katika Mathayo ni kosa lililotendwa.

Ni katika mazingira hayo ambapo matumizi ya Paulo yanapata maana. Katika barua zake, peripatein hakuhusu miguu halisi hata mara moja. Katika 1 Wathesalonike 4:1, mojawapo ya barua zake za awali, anawakumbusha wasomaji jinsi walivyopokea kwake namna ya kutembea na kumpendeza Mungu. Kitenzi cha Kiebrania na badala yake katika Septuajinta vimewekwa bega kwa bega, na lugha ya kupokea ni ile ile ya mapokeo ya walimu.

Barua kwa Wagalatia ndiyo inayodhihirisha jambo lililokuwa hatarini. Watu wa mataifa mengine walioamini walikuwa wakihimizwa watahiriwe na kujitia chini ya sheria. Hoja ya wapinzani wa Paulo ilikuwa na nguvu: mtu asiyetembea kwa sheria atatembea kwa nini? Bila kipimo, uhuru ungegeuka kuwa ufisadi. Katika 5:16 Paulo anajibu kwa kitenzi chao: watembee kwa Roho. Kisha katika 5:25 anatumia kitenzi kingine, stoichein, kilichotokana na neno la safu na chenye maana ya kwenda kwa mstari. Katika 6:16 anakirudia kitenzi hicho na kukiambatanisha na neno kanon, yaani kipimo. Waama, aliyedhaniwa kuwa mpinzani wa kila kanuni ndiye anayezungumza juu ya safu na kipimo.

Jozi hii ya vitenzi inastahili kulinganishwa na Matendo 21. Baada ya kuitaja tuhuma kwa peripatein, wazee wanampendekezea Paulo tendo la kuonyesha hadharani kuwa yeye pia yumo katika safu, mwenye kuishika sheria (aya ya 24). Kitenzi chao hapo ni stoichein. Matendo iliandikwa baada ya Wagalatia, na haifai kudaiwa kuwa barua hiyo inakijibu kikao hicho. Linaloonekana ni kuwa tuhuma na utetezi vilitumia msamiati mmoja.

Huenda mhakiki akapinga kwamba peripatein ilikuwa sitiari iliyokwisha kufa, isiyomkumbusha mtu miguu. Matini yenyewe hayaafiki. Katika Wagalatia 2:14, Petro na wenzake wanashutumiwa kwa kutokwenda kwa miguu iliyonyooka kuelekea ukweli wa injili, na kitenzi kilichotumika, orthopodein, kimebeba neno la mguu ndani yake. Katika 5:7 wasomaji wanaambiwa kuwa walikuwa wakipiga mbio vizuri hadi mtu alipowazuia. Barua nzima imejengwa juu ya mwendo.

Mjengo huo umewatatiza wafasiri. Kilatini cha Vulgata kiliushika kwa ambulare. Toleo la Kiingereza la New International Version lilitumia kitenzi cha kuishi katika Wagalatia 5:16 katika chapa ya mwaka 1984, kisha likarejea kwenye kitenzi cha kutembea katika chapa ya mwaka 2011. Kiswahili kilikuwa na bahati ya aina yake. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 ilitumia kuenenda, kitenzi ambacho nomino yake, mwenendo, ni neno la kawaida la tabia. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa kuwa mwendo ni maadili. Hata hivyo, tafsiri hiyo inatumia kuenenda kwa peripatein na stoichein pia katika sura ya 5, na safu inatoweka. Anayesoma 5:16 na 5:25 kwa Kiswahili husikia agizo moja likirudiwa, mahali ambapo Kigiriki kinatoka katika mwendo wa mtu mmoja mmoja na kuingia katika mwendo wa watu waliojipanga pamoja. Hatua hiyo ndiyo iliyokuwa jibu la Paulo kwa hofu ya Yerusalemu: kwamba walio nje ya sheria ya Musa hawakuachwa kila mtu na njia yake.