Luteni wa Rufiji

Mwezi wa Agosti 1905, baada ya Kinjikitile Ngwale kunyongwa Mohoro, manowari ya Kidachi iitwayo Bussard ilileta watu wake Rufiji kuzima vita vya Maji Maji. Miongoni mwao alikuwamo luteni wa miaka 24, Hans Paasche, mwana wa mkubwa mmoja wa bunge la Berlin. Alipigana, akavikwa nishani.

Mwaka 1907 alitoa kitabu, Im Morgenlicht, ambacho jina lake refu lataja vita, uwindaji na safari kwa mkupuo mmoja. Msomaji wa Tanzania hukunja uso hapo, na ni haki yake. Kwani Wadachi wenyewe walikiri vifo 75,000 katika vita vile, na wako wanahistoria wanaofikisha 300,000, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa.

Waandishi kadhaa humweleza Paasche kana kwamba aligeuka pale pale mtoni. Mimi naona aligeuka polepole mno. Mwaka 1912 alianza kuchapisha barua za mtu wa kubuni, Lukanga Mukara, mwenyeji wa kisiwa cha Ukara katika Ziwa Viktoria, aliyetumwa na mfalme wake kuuchunguza Udachi. Lukanga astaajabia moshi wa tumbaku, ulevi, nguo za kubana na pupa ya fedha. Kicheko chake ni kitamu, illa kinywa ni cha Mkara na ulimi ni wa Mdachi. Wala wafu wa Rufiji hawakupewa barua yao.

Tena, vita vya 1914 vilipozuka, alirudi jeshini kwa hiari! Mwaka 1916 ndipo alipokataa kuketi barazani kumhukumu baharia, akaondolewa. Mwaka 1917 alikamatwa kwa kueneza maandishi ya kupinga vita, akafungiwa katika hospitali ya wendawazimu, jambo lililowafaa wakubwa, maana neno la mwehu halihitaji kujibiwa. Mapinduzi ya Novemba 1918 yalimfungua.

Tarehe 21 Mei 1920 askari wapatao 60 walilizingira shamba lake, Waldfrieden, yaani amani ya msitu, wakidai kutafuta silaha. Yeye alikuwa ziwani, amevaa nguo ya kuogea. Walimpiga risasi alipokuwa akirejea nyumbani. Silaha hazikuonekana, wala hakuna aliyeadhibiwa.