Kwa Udi na Uvumba: Historia ya Mafuta ya Udi na Majina Yake

Ni wachache miongoni mwetu, tunaofundisha Kiswahili katika nchi hizi za bara, ambao hawajakutana na msemo "kwa udi na uvumba" katika insha ya mwanafunzi. Timu hutafuta ushindi kwa udi na uvumba, mgombea husaka kura kwa udi na uvumba, mzazi humsomesha mwanawe kwa udi na uvumba. Sisi huweka alama ya vyema na kuendelea kusahihisha. Lakini mwanafunzi akinyoosha mkono na kuuliza udi ni nini hasa, wengi wetu hujibu kwamba ni kitu cha kufukiza, kile kinachouzwa dukani kwa vijiti. Jibu hilo si la uongo, ila ni la juu juu. Makala haya yanakusudia kueleza historia ya udi, hasa mafuta yake, pamoja na watu ambao kwa zaidi ya miaka elfu moja wameyakusanya, wakayapima kwa pua na kuyapa majina. Hoja yetu ni moja: thamani ya udi imelindwa na usahihi wa majina, na jina linapolegea, kitu chenyewe huingia hatarini.

Mti uliojeruhiwa

Udi hutoka katika miti ya jenasi iitwayo Aquilaria. Miti hiyo humea katika misitu ya Asia, kuanzia Assam kaskazini-mashariki mwa Uhindi na Sylhet huko Bangladesh, kupitia Burma, Thailand, Laos, Kambodia na Vietnam, hadi Malaysia na visiwa vya Indonesia. Mti wenye afya una mbao nyeupe, nyepesi, zisizo na harufu ya kutajika. Unapojeruhiwa na dhoruba, wadudu au shoka, kisha kuvu wakaingia jerahani, mti hujikinga kwa kutoa utomvu mzito wa rangi ya giza ambao hujaa polepole ndani ya mbao. Sehemu hiyo iliyojaa utomvu ndiyo udi. Kazi hiyo huchukua miaka mingi, na si kila mti huifanya.

Mafuta hupatikana kwa njia inayofanana na ile ya kutengeneza waragi. Fundi huvikatakata vipande vya udi, huvisaga, huviloweka majini kwa siku kadhaa au majuma, kisha huvichemsha katika chombo kikubwa cha shaba au cha chuma. Mvuke hupita katika bomba linalopozwa, hurudi kuwa maji, na juu ya maji hayo huelea mafuta machache ambayo fundi huyaengua kwa uangalifu. Mji wa Hojai huko Assam na eneo la Sujanagar katika wilaya ya Moulvibazar, Bangladesh, ni maarufu kwa kazi hii hata leo. Waarabu huyaita mafuta hayo "duhn al-ud", na Waswahili wa pwani wana neno lao, haludi, kama walivyo na halwaridi kwa mafuta ya waridi.

Jina moja, njia nyingi

Kwa mwalimu wa lugha, majina ya kitu hiki ni darasa zima. Katika Kiarabu "ud" maana yake ni kipande cha mti tu. Kutokana na maana hiyo likapatikana jina la mti wa kufukiza, na pia jina la ala ya muziki yenye nyuzi, ambayo sisi tunaijua katika taarabu. Kwa hiyo Mswahili anayepiga udi na yule anayefukiza udi wanatumia neno lenye asili moja.

Wachina waliuita "chenxiang", yaani harufu inayozama, kwa kuwa kipande kilichojaa utomvu huzama majini ilhali mbao ya kawaida huelea. Kisanskriti kina "aguru", neno ambalo kwa umbo lake laweza kusomwa kuwa "lisilo zito". Hivyo lugha mbili kubwa zinapingana juu ya kitu kimoja, na hapana shaka kila moja ina mantiki yake. Wareno nao walipofika Uhindi walisikia jina la kienyeji "agil" wakalisogeza hadi likafanana na neno lao la ndege tai. Ndiyo maana mpaka leo Waingereza wana jina la "mti wa tai" kwa mti usiohusiana na tai hata kidogo.

Mkanganyiko mkubwa zaidi uko katika neno la Kiingereza "aloes", ambalo hutumika kwa udi na pia kwa shubiri, ule mmea wenye maji machungu. Kiswahili hakikuuchanganya udi na shubiri. Watafsiri wa Biblia walipofika Yohana 19:39, pale Nikodemo anapoleta manukato ya kumzikia Yesu, walitumia udi pamoja na manemane. Wataalamu hubishana kuhusu mmea hasa uliokusudiwa katika aya hiyo, lakini msomaji wa Kiswahili hapati picha ya shubiri. Neno lililoletwa pwani na biashara ya Bahari ya Hindi limekuwa likisomwa makanisani katika bara, mbali kabisa na bandari.

Wakusanyaji wa kwanza

Kukusanya udi ni jambo la kale. Mshairi Bana, aliyeandika maisha ya Mfalme Harsha wa Uhindi katika karne ya 7, anaeleza kwamba mfalme wa Kamarupa, ambayo ni Assam ya leo, alimpelekea Harsha zawadi zilizokuwamo mafuta ya udi mweusi na vitabu vilivyoandikwa juu ya magome ya mti wa udi. Katika Assam magome hayo yalitumika kama karatasi kwa karne nyingi. Mti mmoja, basi, ulitoa manukato kwa wafalme na kurasa kwa waandishi.

Katika Baghdad ya karne ya 9 kuna kitabu cha manukato kinachonasibishwa na mwanafalsafa al-Kindi, na ndani yake yamo hata maelezo ya kutengeneza vitu vya bandia vinavyofanana na vile vya thamani. Hii inaonyesha kwamba udanganyifu ni wa zamani kama biashara yenyewe. Kinga ya wanunuzi ilikuwa ni majina ya asili. Waandishi wa Kiarabu walitofautisha udi wa Kihindi na ule wa Sanfi, uliotoka Champa, ufalme uliokuwa katika Vietnam ya leo, na kila mmoja ulikuwa na daraja lake. Ibn Battuta, aliyezuru Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Sumatra katika miaka ya 1340, na katika kitabu cha safari zake akautaja udi wa Kakula na wa Kamara. Mtu aliyesema "udi" tu, bila kusema wa wapi, alikuwa hajasema kitu.

Huko Japani mfano mashuhuri ni kipande kiitwacho Ranjatai, kilichohifadhiwa katika hazina ya Shosoin mjini Nara. Kina urefu wa sentimeta 156 na uzito wa kilo 11.6. Watawala wachache waliruhusiwa kukata kijipande: Ashikaga Yoshimasa katika karne ya 15, Oda Nobunaga mwaka 1574, na Mfalme Meiji mwaka 1877. Mahali walipokata pamewekewa vikaratasi vyenye majina yao. Hao kwa kweli walitafuta udi kwa udi na uvumba.

Kusikia harufu

Wajapani waliugeuza udi kuwa sanaa yenye kanuni zake. Wageni huketi kimya, chetezo hupitishwa mkono kwa mkono, na kila mmoja hujaribu kutambua ni udi wa aina gani. Katika sanaa hiyo hawasemi wananusa udi, bali wanausikiliza. Msomaji wa Kiingereza hustaajabu sana anapoambiwa hivyo. Sisi hatuna haja ya kustaajabu, kwa maana Mswahili husema "nasikia harufu" kila siku, jikoni na barabarani. Kitenzi chetu kusikia kimebeba sikio na pua pamoja.

Aidha, Kiswahili kimetupa jozi ya kunuka na kunukia, ambapo silabi moja tu hutenganisha uvundo na manukato. Wapenzi wa mafuta ya udi wangeihitaji sana jozi hiyo. Mafuta ya Assam yaliyotokana na vipande vilivyolowekwa kwa muda mrefu yana harufu ya ngozi na zizi la ng'ombe. Kwa wasomaji wetu wa Ankole, Rwanda na Burundi hilo si tusi. Mkusanyaji hulijua vizuri: huweka tone dogo nyuma ya kiganja, husubiri, na baada ya saa moja au mbili zizi huondoka, ikabaki harufu ya mti, asali na moshi. Kilichoanza kwa kunuka kimeishia kwa kunukia. Mafuta ya Kambodia kwa kawaida yana utamu wa matunda, na ya Borneo huwa mepesi na safi zaidi. Anayejua hupima aina chache tu kwa siku, kwani pua huchoka upesi, tena hurudia mafuta yale yale baada ya miezi, kwa sababu hubadilika yanapokaa chupani.

Kipimo chake ni tola, neno lililotoka Uhindi. Tola moja ni gramu 11.66, uzito wa rupia ya fedha ya Uhindi chini ya Waingereza, sarafu ambayo babu zetu wa Kenya na Uganda waliitumia hadi mwaka 1920. Kwa kuwa bei ni kubwa, wengi hununua robo ya tola au chini ya hapo, na wenzi hugawana kichupa kimoja ili kila mtu apate kuonja. Mkusanyaji makini huandika kwenye kila kichupa nchi, msitu au shamba, mwaka, muda wa kuloweka na aina ya chombo. Hana tofauti kubwa na wale wa Baghdad waliotaka kujua Hindi na Sanfi.

Jina likilegea

Pwani yetu nayo ilikuwa sehemu ya historia hii. Mwana Kupona wa Pate, katika utendi aliomtungia binti yake mwaka 1858, aliyahesabu marashi na dalia miongoni mwa mapambo ya mke. Arusi za Zanzibar, Lamu na Mombasa bado hufukizwa udi. Hata hivyo, kingi cha kinachoitwa udi leo ni sandali, sukari na manukato ya kiwandani vilivyochanganywa. Hatusemi mchanganyiko huo ni mbaya, maana una mafundi wake na utamu wake. Tunasema tu kwamba neno limepanuka hadi limeacha kututajia mti.

Ulaya nako kumetokea hivyo hivyo. Tangu kampuni ya Yves Saint Laurent ilipotoa manukato yake ya M7 mwaka 2002, neno la udi limeandikwa kwenye chupa nyingi ambazo ndani yake mna kemikali za maabara. Wakati neno linaenea, mti unapungua. Kwa kuwa mkataji hawezi kujua kwa urahisi kama mti una udi ndani, miti mingi iliangushwa bure. Spishi ya Aquilaria malaccensis iliwekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES mwaka 1995, na jenasi nzima mwaka 2005. Mwaka 2018 spishi hiyo iliorodheshwa kimataifa kuwa katika hatari kubwa mno ya kutoweka. Siku hizi mafuta mengi hutoka mashambani, ambako miti hutobolewa na kutiwa kuvu kwa makusudi.

Yasidhaniwe kuwa ni mambo ya mbali. Msandali wetu wa Afrika Mashariki, Osyris lanceolata, hung'olewa na mizizi yake kwa ajili ya mafuta, nao uliingizwa katika mkataba huo huo mwaka 2013, pamoja na misandali ya Burundi, Rwanda na Uganda. Wanafunzi wetu wangapi wanajua jina lake katika lugha ya nyumbani kwao?

Tunapendekeza, basi, kwa walimu wenzetu, zoezi dogo. Msemo "kwa udi na uvumba" ukitokea darasani, waulizeni wanafunzi kila neno ni kitu gani, kimetoka wapi, na kwa nini kiligharimu. Kisha waorodheshe maneno ya harufu ya Kiswahili, kama vile shombo, kutuzi, uvundo na uturi, wakiyalinganisha na ya lugha zao za kwanza, pamoja na majina ya miti inayonukia katika vijiji vyao. Orodha hizo zikusanywe na zitumwe idarani. Baadhi ya miti hiyo huenda bado imesimama, na ni vema tuwe na majina yake kabla haijang'olewa.