Kanisa Lililojengwa Kuwatisha Waumini

Anayevuka Mto Tarn kuingia Albi, kusini mwa Ufaransa, huiona ngome kabla ya kuliona kanisa. Kuta za matofali zimepanda wima mita 40 hivi, madirisha ni membamba, na mnara wa kengele una mita 78. Hili ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Sesilia. Adui aliyekusudiwa kutishwa nalo hakutoka ng'ambo. Aliishi mumo humo mjini.

Mwaka 1208 mjumbe wa Papa Inosenti wa Tatu aliuawa, naye Papa akatangaza Vita vya Msalaba, safari hii dhidi ya Wakathari. Hao walijiita Wakristo, lakini waliamini kuwa ulimwengu huu ni kazi ya nguvu ya uovu, wakaukataa msalaba na mamlaka ya mapadri. Wapiganaji waliahidiwa msamaha wa dhambi kama ule wa waliokwenda Yerusalemu. Julai 1209 waliuteketeza mji wa Béziers. Waliokimbilia kanisani waliuawa humo humo, Wakatoliki kwa Wakathari.

Vita viliisha kwa mkataba mwaka 1229. Msako wa Wakathari haukuisha.

Albi yenyewe haikuukubali. Mwaka 1234 mtawa wa Kidominiko, Arnaud Cathala, alitaka mifupa ya marehemu aliyehukumiwa uzushi ifukuliwe. Watu wakamvamia, wakampiga na kumburuta kuelekea mtoni. Katika mji wa namna hiyo, askofu Bernard de Castanet alianza kujenga kanisa lake mwaka 1282, jirani na ikulu yake ya Berbie, nayo yenye kuta nene. Yeye ndiye aliyekuwa mchungaji wa mji, mtawala wake, na hakimu wa wazushi. Ndiyo maana ni vigumu kuzitazama kuta zile kama pambo tu: zilisema waziwazi nani ana nguvu.

Kati ya 1299 na 1300 aliwahukumu wakazi 25, wengi wao watu wenye mali. Aliporudi mjini mwaka 1302 alilakiwa na umati uliotaka afe, na mwaka 1308 akahamishiwa Le Puy. Mafundi waliendelea kujenga. Guillaume Bélibaste, kiongozi wa mwisho wa Wakathari anayejulikana kusini mwa Ufaransa, alichomwa moto mwaka 1321. Kanisa lilitabarukiwa mwaka 1480, zaidi ya karne moja na nusu baada yake.