Hii Inatokea? Historia Fupi ya Njia za Moshi

Mgeni anayetafuta nyumba viungani mwa Moshi huuliza kabla ya kuingia njia asiyoijua: "Hii inatokea?" Kitenzi hicho kimoja kinabeba hoja nzima ya wapanga miji. Njia haipimwi kwa urefu wake tu, bali kwa kule inakomfikisha mtu.

Kabla ya mji kuwapo, njia za Uchagani zilifuata migongo ya mlima. Kati ya mgongo na mgongo pana korongo lenye mto, hivyo kupanda na kushuka kulikuwa rahisi kuliko kuvuka. Lugha ni shahidi: Kimachame, Kivunjo na Kirombo hutofautiana ilhali mlima ni mmoja. Kilichopita kwa ubavu ni maji ya mifongo, yaliyochepushwa mitoni yakakatiza vihamba vya watu wengi.

Mwaka 1911 reli iliyoanzia Tanga ilifika chini ya mlima. Mji mpya ukakua penye stesheni, na makao ya awali yaliyo juu yakabaki na jina la Old Moshi. Katikati ya mji mpya mitaa ilichorwa ikikatana: ukizuiwa huku, wapita kule. Njia panda ni neema. Karibu na Himo, pale barabara ya Taveta inapokutana na ile ya Dar es Salaam, makutano yamezaa mji mdogo uitwao Njia Panda.

Kisha mji ukatanuka. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 184,292 katika Manispaa ya Moshi; ile ya 2022 ikawakuta 221,733. Makazi yakazidi kuingia mashambani na vihambani. Kihamba kilikuwa makao ya ukoo, kimezungushiwa masale. Njia yake iliishia uani kwa sababu haikuwa ya wapita njia. Kinapogawiwa wana, kisha wajukuu, kisha kikauzwa viwanja, kijia cha familia moja hubebeshwa kazi ya mtaa. Nyumba huongezeka, makutano hayaongezeki. Majirani wanaotenganishwa na ukuta mmoja hulazimika kuzunguka hadi barabarani ili kujuliana hali, na mgonjwa hupitishwa mzunguko huo huo.

Hili si la Moshi pekee. Utafiti wa Barrington-Leigh na Millard-Ball wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa nchini Marekani mitaa mipya ilizidi kukosa kuunganika hadi miaka ya katikati ya 1990, ndipo mwelekeo ukaanza kubadilika. Lakini iliyokwisha chorwa haibadiliki upesi: nyumba hubomolewa ikajengwa nyingine, mtaa ukabaki ulivyo.

Wazee wa mifongo walijua kuyaachia maji njia katika ardhi yao ili yamfikie wa chini. Anayegawa kihamba leo naye aache ukanda wa kupita, kabla kuta hazijasimama. Akiuacha, mgeni wa kesho akiuliza, atajibiwa: "Inatokea."