Picha ya pikseli: ramani inapotoka kwenye AutoCAD

Mchoraji wa ramani za nyumba akimaliza kazi yake kwenye AutoCAD, alichonacho bado si picha. Ni mfululizo wa maelekezo: ukuta unaanzia hapa na kuishia pale, mstari una unene huu, mlango unafungukia ndani. Kila anapokuza, kompyuta huchora upya, ndiyo maana mstari haufifii. Huo ni mchoro wa vekta. Lakini fundi aliye kiwanjani Tumbi, Kibaha, hana AutoCAD kwenye simu, na steshenari atakayopita pale Maili Moja huenda nayo haina. Anataka kitu cha kufungua na kuprinti. Hapo mchoro hugeuzwa kuwa kile ambacho Kiingereza hukiita “raster”.

Asili ya neno hilo ni Kilatini, rastrum, yaani reki. Picha hujengwa safu chini ya safu, kama reki inavyoacha mistari udongoni. Tukilitohoa tunapata rasta, na rasta kwetu tayari ni nywele, tena ni mtu. Istilahi inayogombana na neno la saluni humchanganya mwanafunzi siku ya kwanza. Wapo wanaopendelea picha ya nukta. Siliafiki hilo, kwa sababu nukta ya jiometri haina ukubwa, na vekta yenyewe hujengwa kwa nukta. Mimi nashika picha ya pikseli. Pikseli ina upana, ina kimo, ina rangi moja tu, na inahesabika. Kitenzi cha kugeuza huko kiwe kutoa. Kusafirisha na kuhamisha hudokeza kwamba kitu kimeondoka, ilhali faili ya DWG, ile ya AutoCAD yenyewe, hubaki palepale.

Kuhesabika huko ndiko kunakoamua picha itoke safi au itoke chenga. Karatasi ya A3 ni milimita 420 kwa 297. Ukiitoa kwa pikseli 300 kwa inchi, unapata picha ya 4961 kwa 3508, na mstari wa milimita 0.25 unapata takriban pikseli tatu: mweusi, umekatika vizuri. Ukiitoa kwa 96, mstari uleule haufikishi hata pikseli moja, basi programu huweza kuupaka kijivu ili usipotee kabisa. Tarakimu zenye kimo cha milimita 2.5, ambazo zingepata pikseli 29 hivi, sasa zinabanana kwenye 9. Tatu inaanza kufanana na nane. Chumba cha 3300 kikisomeka 3800, fundi ameongeza nusu mita ya ukuta.

Kwa hiyo amri ya PNGOUT, ambayo huchukua kilichoko kwenye kioo kwa ukubwa wa kioo, haifai kwa ramani ya kujengea. Pita njia ya kuprinti: chagua PublishToWeb PNG.pc3, uongeze mwenyewe karatasi yenye idadi ya pikseli uliyopiga hesabu, kisha weka monochrome.ctb ili rangi zote ziwe nyeusi. Usipoiweka, mistari ya njano iliyoonekana vizuri kwenye kioo cheusi itamezwa na karatasi nyeupe. Njia nyingine ni kutoa PDF kwanza, kisha kuifungua kwa GIMP na kuiambia pikseli 300 kwa inchi.

Hifadhi kwa PNG, iliyotolewa 1996. Hupunguza uzito wa faili bila kuacha pikseli hata moja. JPEG, ya 1992, ilikusudiwa picha za kamera: huigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kuacha kilicho kidogo, na pembeni mwa mistari myembamba uchafu wake huonekana. WhatsApp nayo huibana picha unapoituma kama picha, basi itume kama dokumenti.

Skeli ndiyo inayosahaulika zaidi. Picha ya A3 ya 1:100 ikiprintiwa kwenye A4, inakuwa kama 1:141, na rula ya fundi haitajua. Chora mstari wa skeli ndani ya karatasi. Utapungua pamoja na nyumba.

Kurudi nyuma, kutoka pikseli hadi vekta, ni kugumu zaidi. Hapo Tumbi, Shirika la Elimu Kibaha lilianza 1963 kama mradi wa Tanganyika na nchi nne za Nordiki, likakabidhiwa kwa Tanzania 1970. AutoCAD ilitoka 1982. Jengo la miaka hiyo lilichorwa kwa mkono, na mchoro wake ukiskaniwa unapata pikseli tupu. Programu za kufuatisha zipo, ila hutoa vijistari visivyojua kipi ni ukuta na kipi ni mkunjo wa karatasi. Anayetaka kupanua jengo hilo itabidi aketi na vipimo vilivyoandikwa, alichore upya ukuta kwa ukuta.