Umeacha Sigara na Kinywa Chawaka? Usiirudie, Kichunguze

Mimi ni mtu wa pwani, lakini riziki imeniweka Thika, karibu na mto Chania, katika mji ambao jani la tumbaku huletwa kiwandani kuchakatwa. Hapo ndipo nilipoacha sigara, mwezi wa Ramadhani, baada ya kuvuta miaka 18.

Wiki ya pili ulimi ukaanza kuwaka. Hayakuwa maumivu makali. Ilikuwa kama mtu aliyeunguzwa na chai ya moto, ila hapoi. Asubuhi afadhali, jioni huzidi. Rafiki yangu mmoja akanambia, "Mwili wadai haki yake. Vuta moja tu utulie." Wallahi nilifika mpaka dukani. Naandika kwa sababu ushauri huo umewarudisha wengi.

Kwa nini kinywa huwaka

Moshi huifanya ngozi laini ya kinywa kuwa nene na kufifisha ladha. Ukiacha, ladha hurudi polepole, na pilipili uliyoizoea yaweza kukuwasha zaidi. Wengine hutokwa na vidonda vidogo wiki za mwanzo. Husumbua, kisha hupona.

Tazama pia ulichokiweka mahali pa sigara. Mimi nilikuwa nikimung'unya pipi za minti kutwa na kunywa kahawa tungu ya moto. Chingamu na pipi za nikotini husaidia kuacha, lakini zaweza kuchoma kinywa. Muulize mfamasia namna ya kuzitumia. Ukwaju, achari na tambuu yenye chokaa huzidisha. Na aliyehamia kuberi hajaacha tumbaku, ameihamisha tu.

Ikizidi wiki chache

Hapo usiilaumu sigara peke yake. Kinywa huweza kuwaka kwa fangasi, ukavu wa mate, upungufu wa madini ya chuma au vitamini B12, kisukari, asidi inayopanda kutoka tumboni, meno bandia yasiyokaa sawa, au baadhi ya dawa za presha kama enalapril. Usiache dawa yako mwenyewe, mwambie daktari.

Yakichunguzwa yote yasionekane, na mwako ukaendelea kila siku kwa zaidi ya miezi 3, kuna maradhi yanayojitegemea ya kinywa kuwaka. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi. Si uchawi wala si kujifanya, na ziko dawa za kuyapunguza.

Yaliyonikuta

Mwezi wa pili nilikwenda kwa daktari wa meno. Akamulika ulimi, chini yake, mashavu na kaakaa. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia: "Usiku waamka mara ngapi kwenda haja ndogo?" Mara tatu au nne, nami nilidhani ni kahawa. Akaagiza damu ipimwe. Nilikuwa na fangasi kinywani, na sukari ilikuwa juu. Fangasi ilitibiwa kwa dawa ya kupaka. Sukari naishi nayo, kwa vidonge na kwa kujihini. Lau ningewasha ile sigara moja, ningesingizia kiu ya moshi na ugonjwa ungenila kimyakimya.

La kufanya nyumbani

- Kunywa maji mara kwa mara. Futari na daku usizipitishe bila maji ya kutosha.
- Sukutua kwa maji vuguvugu yenye chumvi kidogo.
- Punguza pilipili, ndimu na vinywaji vya moto sana.
- Badili dawa ya meno ikiwa ni kali. Mswaki wa mti si vibaya, lakini usikwangue ufizi.
- Kioo na tochi: jitazame kila wiki.

Usingoje

Kidonda kisichopona kwa wiki 2, doa jeupe lisilofutika au jekundu, uvimbe kinywani au shingoni, ganzi, au tabu ya kumeza: nenda hospitali. Hatari ya saratani ya kinywa hupungua kadiri miaka inavyopita tangu kuacha, lakini haiondoki siku moja, hasa kwa aliyevuta na kutafuna pia.

Mwako ule ulinipeleka kupimwa, nami nashukuru. Ukikupata wewe, nenda kwa daktari, usiende dukani. Mwenyezi Mungu atujaalie afya.